Mimi, Baba Mkwe na Paa la Kanisa

Nimeishi na watu wengi: wenye hasira, wenye wivu, wenye midomo isiyo na pazia. Lakini kama kuna mtu aliyenisumbua roho hadi nikajikuta namwombea malaria kidogo, si ya kuua, ya kulala Jumapili tu, basi ni yule mzee wa kanisa aliyekuja kuwa baba mkwe wangu.

Nilikutana naye miaka ile ya kuhamia vijijini. Mimi nilikulia Tunduma, mpakani, baba yangu akiziba pancha za malori, na huko mtoto hujifunza kujibu kabla hajajifunza kunyamaza. Nilipomaliza shule nikapelekwa Ileje, milimani kwa kina mama yangu, kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa. Nilikaa kwa bibi, mzaa mama. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na kwa baridi ile niliogea maji ya moto mpaka bibi akanitangaza kwa majirani kuwa natafuna kuni.

Mchana niliwafundisha wazee kusoma. Wazee wenyewe walikuja kwa sababu balozi wa nyumba kumi alipita kuwasukuma, na wakifika walisinzia. Kitu kimoja tu kilikuwa changu kule, kilichonifanya nisiombe uhamisho: kwaya ya kanisa. Nilikuta waimbaji saba wanaoimba kana kwamba kila wimbo una maiti ndani yake. Nikawaongeza wasichana, nikawafundisha sauti nne, nikaomba ngoma, na baada ya miezi michache watu wa kitongoji cha pili walianza kupanda mlima kuja kutusikiliza. Jamani, nilikuwa na raha! Nilikuwa natembea barabarani naimba peke yangu.

Ndipo Jumapili moja mzee akasimama wakati wa matangazo.

"Nina neno," akasema. Waumini wakashusha pumzi, maana neno la mzee lilikuwa haliji peke yake. "Mimi nauliza tu. Hii ni ibada, au ni kilabu cha pombe?"

"Ni ibada, mzee," akajibu mchungaji, mtu mpole aliyekuwa akiogopa ugomvi kuliko shetani.

"Basi mbona mabega yanacheza?"

Kanisa zima likageuka kutazama mabega yangu. Nikayaachia yacheze mara moja zaidi, ili wale wa nyuma nao waone.

Hapo vita vikaanza. Mzee alikuwa na wenzake wawili watatu, na wake wa hao wenzake walikuwa wepesi kama sungura. Nikifika kwenye benchi, wanatandaza vitenge vyao mpaka mwisho: "Pana mtu hapa." Huyo mtu hakuwahi kufika. Nikikaa chini kwenye mkeka, neno linatolewa kuhusu urefu wa sketi. Nikitoa tangazo, mzee anamwuliza jirani yake kwa sauti, "Huyu wa mpakani anasema nini?" kana kwamba nimezungumza Kichina. Wiki moja akaichukua ngoma yetu akaifungia kwenye ghala lake la mahindi. Jumapili ngoma ikawa kanisani kama kawaida. Akaifungia tena, ikatoka tena. Hakuelewa, masikini, kwa sababu hakutaka kuelewa: mpigaji wa ngoma yetu alikuwa mwanawe mwenyewe, wa kiume wa pekee, kijana mkimya aliyejua vizuri funguo za ghala zinakotundikwa.

Watu waliniambia nigeuze shavu la pili. Shavu la pili ninalo, lakini lilikuwa na kazi nyingine. Kila neno la mzee nililijibu, kwa adabu, huku nimepiga goti kama mila inavyotaka, na bibi alisema hajawahi kuona mtu anayepiga goti kwa kiburi kama mimi.

Sasa yule mpiga ngoma. Alikuwa akinisindikiza baada ya mazoezi, kabeba ngoma, haongei. Siku moja tulipofika kwenye migomba ya bibi akaitua chini akasema, "Nimechoka kukubebea hii ngoma bila sababu ya maana." Hiyo ndiyo ilikuwa posa yangu. Wengine waliandikiwa barua zenye maua.

Nikamwambia kwanza aende kwa baba yake, na nikaanza kufunga mizigo moyoni, kwa maana nilijua jibu. Lo! Siku chache baadaye mshenga akaingia kwa bibi anatabasamu. Mzee amekubali. Ng'ombe wametajwa, mzee hakubishana. Majembe yametajwa, kaongeza blanketi.

Bibi alimpikia mshenga, akamsindikiza vizuri, akarudi akakaa jikoni na mwiko mkononi.

"Mtu asiyetoa hata salamu bure," akasema, "leo anatoa ng'ombe bila kubisha? Mjukuu wangu, hapo pana jambo."

"Bibi, Mungu amemgusa."

"Mungu akimgusa yule atatoa ndama. Hawezi kufika kwenye ng'ombe siku moja."

Nikamcheka. Tukafunga ndoa, kwaya ikaimba, mabega yakacheza, na mzee siku hiyo hakuonekana kanisani. Nikadhani amesusa. Kumbe hakususa, alikuwa anafuata utaratibu.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani nimevaa kitenge kipya kutoka ng'ambo ya mpaka, mke wa mtu, kifua mbele. Mlangoni mzee wa zamu akaninyoshea mkono kunizuia.

"Mama, huwezi kuingia. Baba mkwe wako yumo."

Nikachungulia. Mzee alikuwa benchi la mbele kabisa, kisogo kimenyooka, ananyonya amani ya Bwana.

Lazima niseme ukweli kuhusu mila hii, kwa sababu wageni huidhani mzaha. Kwa watu wa milima ile, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Mkikaribia kukutana njiani, mwanamke anajifunika kitenge kichwani na kuingia porini mpaka mzee apite. Ni heshima, na tena ni heshima kubwa. Nimeona wanawake wazee wakiitetea kwa machozi. Mimi niliijua, lakini niliijua kwa namna ya watu wa Tunduma, ambako makabila yamechanganyika na baba mkwe anaweza kukutuma sigara. Nilidhani kanisani haina kazi.

Nilirudi nyumbani kwa bibi nimejaa hasira. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashikilia nguzo.

"Nilikuambia! Wale ng'ombe si mahari, mwanangu. Ile ni nauli ya kukutoa kanisani!"

Bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo nikamwambia anacheka kama fisi mwenye meno mawili, naye akaniambia angalau meno yake yanaingia kanisani. Kisha akaona ninalia kweli, akaacha. Nilikuwa nimefungiwa nje ya kitu kimoja nilichokipenda, na aliyenifungia alikuwa ametumia heshima kama komeo. Siku hiyo nilimchukia yule mzee, na sikumficha mtu.

Basi maisha yakawa vichekesho. Zamani, kila ukoo ulikaa na kilima chake, na mkwe aliweza kuishi mwaka mzima bila kumkaribia baba mkwe. Lakini serikali ilipotupanga kwa mistari iliyonyooka haikuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba yetu ilikuwa mstari wa pili, ya mzee mstari wa kwanza, na bomba la maji lilikuwa moja. Mzee alitakiwa kukohoa akiwa njiani ili nisikie nijifiche, na wallahi, tangu niolewe kikohozi chake kikapata nguvu za ajabu. Anakohoa akienda shambani, anakohoa akirudi, anakohoa akiwa kwake amekaa. Siku moja alikohoa, nikachupa kwenye maharage ya jirani na ndoo ya maji kichwani, nikachuchumaa. Akasimama palepale kuongea na mtu kuhusu bei ya pareto. Wakaongea bei ya pareto, wakaongea mvua, wakaanza kahawa. Miguu ikafa ganzi. Mwenye maharage akatoka akanikuta.

"Unafanya nini humo, mama?"

"Naheshimu," nikamwambia.

Aliyenipa dawa ni bibi. Tulikuwa tunamenya ndizi, nyingine zikichemka motoni, akasema bila kuinua kichwa, "Lakini mila haisemi kwamba mwanamke ndiye anayebaki nje. Inasema paa moja hamkai. Aliyetangulia kuingia ndiye mwenye nyumba, anayefuata anarudi."

Nikaacha kumenya.

"Bibi, rudia."

"Nimesema ndizi zinaungua."

Jumapili iliyofuata niliwahi. Niliomba ufunguo kwa mke wa mchungaji, nikasema nakwenda kufagia. Nikafagia kwa makini, nikaimba kwa nguvu ili sauti ifike mstari wa kwanza, na mzee alipofika mlangoni na Biblia yake kwapani, mzee wa zamu akamnyoshea mkono uleule. "Mzee wangu, samahani. Mkweo yumo." Wanasema uso wake ulikuwa wa kulipia kiingilio. Mimi sikuuona, namheshimu.

Wiki iliyofuata akaniwahi yeye. Iliyofuata nikamwahi. Tukawa tunarudishana nyuma, yeye na mimi, mpaka saa ambayo jogoo wa kijiji walianza kutegemea nyayo zetu. Watu ambao walizoea kufika wimbo wa tatu wakawa wanafika kabla ya kengele, ile rimu ya lori iliyotundikwa mtini, ili wajue nani kashinda. Balozi ambaye hakuwa amebatizwa akahamia mabenchi ya nyuma. Hata mwenye duka, Mwislamu aliyetoka pwani na kutuletea chumvi na sabuni zikipatikana, alinipimia sukari siku moja akaninong'oneza, "Dada, Jumapili usiniangushe." Mchungaji alimshukuru Mungu kwa uamsho.

Lakini naye alijaribu kututengeneza, maskini. Alihubiri kwamba katika Kristo hakuna mkwe wala mkwewe. Kanisa zima likasema amina, na ibada ilipokwisha hakuna mwanamke hata mmoja aliyekwenda kumsalimia baba mkwe wake. Wengine wenye tatizo letu walikuwa wamemaliza kimya kimya: mmoja anasali huku, mwingine kitongoji cha pili. Akasema basi ajengewe ukuta wa matete katikati ya kanisa, mimi upande huu, mzee ule. Ukajengwa. Mzee akaja siku ya kazi, akautazama, akatoa neno kwa fundi.

"Matete yamegawa sakafu. Paa mmeligawa?"

Fundi akavunja ukuta, akatumia matete kwa banda lake la kuku. Mimi niliposikia nilikasirika sana, na kwa siri nilicheka, kwa sababu kwa kweli mzee alikuwa na hoja.

Halafu masika yakaanza, na mzee akaacha kuja. Jumapili ya kwanza nikadhani amechelewa. Ya pili, nikadhani anaumwa, nikakumbuka ile dua yangu ya malaria nikaifuta haraka. Lakini nilimsikia akikohoa Jumatatu kama trekta. Basi nikajua nimeshinda. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilirudi mbele ya kwaya yangu, tukaimba madirisha yakatetemeka, na wale wake wa wenzake wakaanza kukunja vitenge vyao kwenye benchi nikipita. Mume wangu alipiga ngoma vizuri kama kawaida, ila akawa haniangalii tukiimba.

Nikajifungua mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza wa mzee. Ubatizo ulipopangwa, mume wangu alikaa mlangoni akichezea kamba ya mbuzi.

"Baba anasema mama wa mtoto aingie. Yeye hatakuja."

"Vizuri," nikamwambia.

"Bakuli la maji ya ubatizo amelishika yeye tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Mimi mwenyewe nilibatizwa kalishika yeye."

"Nani alianza? Niambie, nani alianza?"

Aliacha ugali wake wote, na mtu wa milimani kuacha ugali si jambo dogo. Nikajisemea: mtoto ni wangu, mama hatakosa ubatizo wa mwanawe kwa sababu ya mzee aliyenunua mlango wa kanisa kwa ng'ombe. Kwa hilo nilikuwa nimeapa.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Kanisa lilijaa. Katikati ya wimbo wa pili mtoto akaamka na kulia, ule mlio wa njaa usiosikia la mchungaji. Nikatoka kwa mlango wa ubavuni, nikazunguka nyuma ya kanisa kutafuta mahali pa kumnyonyeshea chini ya michirizi ya bati, na pale kwenye kona nikakaribia kumkanyaga mtu.

Alikuwa mzee. Amekaa juu ya rundo la matofali mabichi chini ya dirisha, koti la mvua mabegani, kitabu cha nyimbo mapajani. Kitabu kilikuwa kimevimba kwa maji, kurasa zimekunjamana kama kabichi, na mbele ya yale matofali nyasi zilikuwa zimekufa kabisa mahali pa miguu yake. Nyasi hazifi kwa Jumapili moja.

Hapakuwa na muda wa kukohoa. Nilivuta kitenge nikajifunika kichwa chote, nikampa mgongo. Yeye akageukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Tukabaki hivyo, kisogo kwa kisogo, mtoto analia. Hasira ilinipanda upya, ya aina nyingine sasa. Masika yote! Na wote kule ndani walijua, mume wangu alijua, na hakuna aliyenifungulia mdomo.

Mzee akazungumza. Kwangu asingeweza, mila haimruhusu, lakini babu na mjukuu ni watani na hakuna anayewazuia. Akauambia ukuta:

"Mchumba wangu, acha kelele. Mwambie mama yako akunyonyeshe upesi arudi ndani, ubatizo umekaribia. Mwambie wanakimbiza ule wimbo kama wamefukuzwa na nyuki." Akakifunga kitabu. "Mwambie na mimi hapa pananitosha."

Kwenye neno la mwisho sauti ilimkatika, akajifanya anakohoa. Nilikuwa nimevijua vikohozi vyake vyote. Hicho hakikuwa kimojawapo.

Nikamnyonyesha mtoto chini ya kitenge. Niliwaza mambo mengi, mengine mabaya. Niliwaza mahindi na ngoma, mabenchi na maharage. Niliwaza kwamba nikirudi ndani hakuna atakayenilaumu, haki ni yangu, hata mzee mwenyewe kaniambia nirudi. Mtoto alipotosheka nikafungua mbeleko, nikaitandika mahali pakavu juu ya matofali, nikamlaza.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwambie babu yako bakuli halijui kujishika lenyewe."

Nikaondoka. Nikazunguka kona, nikasimama na uso ukutani. Halafu nikasikia matofali yanasogea, viatu vya mzee vikiburuzika kwenye matope, na sauti ya mwanangu ikapita upande wa pili wa kanisa, ikaingia mlangoni. Ngoma ikasita. Wimbo nao ukasita, ukaendelea.

Nikarudi nikakaa pale alipokuwa amekaa. Tofali lilikuwa bado na joto. Dirisha la mbao lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua, na nikagundua kwamba kwa dirisha kufungwa unasikia ngoma na sauti nene tu, maneno hayatoki. Ndivyo alivyokuwa akisikia kwaya yangu. Nikaegemeza sikio kwenye mbao kumsikiliza mchungaji anambatiza mwanangu, na sikupata hata neno moja. Nilijua tu amemwagiwa maji kwa sababu alipiga yowe.

Kisha komeo likagongwa kwa ndani, dirisha likafunguka. Mikono miwili ya mzee ikatoka nje, mishipa imesimama, imemshika mwanangu katikati; uso wake mwenyewe ameugeuzia waumini, asinione, nisimwone. Aliendelea kuinyoosha mikono mvuani, akingojea.

Nikainuka nikampokea. Mtoto alikuwa amelowa mpaka masikioni, na mimi nikalia pale juu ya matofali, kwa sauti kubwa, mbele ya mbuzi wa mchungaji.